Kanisa la kwenu Butali linachangisha, na wewe umelizima grupu sauti?

KAMA kwenu ni Butali, kuna uwezekano mkubwa hili limekupata. Umeamka Jumamosi asubuhi pale Pipeline, Kasarani au Langas, ukashika simu, ukakuta umeingizwa kwenye grupu la WhatsApp ambalo hukuomba kuingia. Jina lake ni ‘Ujenzi wa Kanisa’. Picha yake ni ukuta wa matofali usio na paa. Kabla hujapiga mswaki, mtu ameshabandika orodha ya majina na pesa. Jina lako liko nambari 27, na mbele yake hakuna kitu.

Unafanya nini? Wengi wenu mnalizima sauti na kuendelea na maisha. Wachache mnatoka, halafu mama anapiga simu jioni hiyo hiyo kuuliza ni nani aliyekukosea. Kuna pia wale wanaotuma Sh500 kimyakimya ili jina lisikae tupu, bila kujua pesa hizo zinaenda wapi.

Grupu hilo lina maneno mawili ndani yake. La kwanza ni pesa. La pili, ambalo ni gumu zaidi, ni namna wewe na wazee wa nyumbani mnavyoongea, au mnavyokosa kuongea. Na kinachoweza kupotea hapo si mabati tu. Kule Kabras, kama sehemu nyingi za Magharibi, kanisa halimalizi kazi yake Jumapili saa saba mchana. Msiba ukiingia bomani, kwaya inakesha nanyi, akina mama wa kanisa wanafika na mahindi na kuni, wazee wanakaa na familia kupanga mazishi. Ukijikata huko, unawakata watu ambao siku moja watamzika mzazi wako ukiwa bado njiani kwenye basi.

Kadi ilikuwa na miguu

Waulize wazazi wako walivyokuwa wakichanga. Kulikuwa na kadi ya mchango: karatasi ngumu iliyokunjwa, juu imeandikwa jina la kanisa, tarehe na mgeni wa heshima, ndani ina mistari ya jina, kiasi na sahihi. Aliyepewa kadi alitembea nayo. Alifika kwa jirani, akapewa kiti, akaletewa chai, akauliza habari za ng’ombe aliyezaa na mtoto aliyefanya mtihani. Kadi ilitoka mfukoni baadaye kabisa. Jirani akiwa hana kitu, alisema “rudi mwisho wa mwezi”, au alitoa kuku.

Kuku huyo aliingia mnadani baada ya ibada, pamoja na mkungu wa ndizi, trei ya mayai na muwa mrefu. Na si unajua mnada wa kanisa ulivyo? Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara tatu, kwa sababu anayemnunua anamrudisha mezani auzwe tena. Watu wanacheka, watoto wanashangilia, na mwanahazina anaandika.

Utaratibu huu una mizizi mirefu. Mwaka wa 1902 wamishonari wa Marafiki, yaani Waquaker kutoka Marekani, walifungua kituo Kaimosi, ambayo leo iko Kaunti ya Vihiga, na kutoka huko imani hiyo ikaenea Magharibi pamoja na madhehebu mengine yaliyokuja baadaye. Mwaka wa 1963 Jomo Kenyatta alilifanya neno Harambee kuwa mwito wa taifa, na kuanzia hapo shule, zahanati na makanisa mengi yakajengwa kwa mchango wa wananchi. Kizazi cha kukhu wako kilikua kikijua kwamba kitu cha wote kinajengwa na wote, na kwamba kuombwa mchango ni ishara kuwa unahesabiwa kama mtu wa pale.

Sasa linganisha na ujumbe uliopata kwenye simu. Hakuna kiti, hakuna chai, hakuna aliyekuuliza kama umepata kazi. Kuna nambari ya kutuma pesa na maneno “Mungu awabariki mnapotoa”. Wewe unaona umeombwa pesa na mtu usiyemjua. Kukhu anaona kadi imefika mlangoni kwako na wewe umejificha chumbani.

Pesa ya miwa na pesa ya kila siku

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalisemi kwa sauti. Pesa za rika hizi mbili haziingii kwa mwendo mmoja.

Butali, iliyo kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, ni nchi ya miwa. Ina kiwanda chake cha sukari, na hata kama hufuatilii kilimo, pengine unajua jina hilo kupitia Butali Warriors wa mpira wa magongo. Muwa huchukua mwaka mmoja na nusu hivi kukomaa. Ukishakatwa na kupelekwa kiwandani, mkulima anasubiri malipo, na kusubiri huko kunaweza kuwa kurefu. Kwa hivyo mzee wa miwa anafikiria mchango kama jambo kubwa la mara moja: “Miwa ikilipwa, nitatoa elfu kumi.” Ahadi yake anaitoa mbele ya watu leo, na kila mtu anaelewa kwamba itatimia mwaka ujao.

Wewe uko tofauti. Unaendesha boda, unauza nguo mtandaoni, una kibarua cha wiki, au mshahara unaoingia tarehe 30 na kuisha tarehe 5. Huwezi kuahidi elfu kumi ya mwaka ujao kwa sababu hujui kama kazi yenyewe itakuwepo. Lakini Sh100 ya leo unayo.

Sasa kamati ya ujenzi, ambayo mara nyingi ni wazee watupu, inakaa chini na kuandika: “Kila kijana aliye mjini, Sh5,000, kabla ya mwisho wa mwezi.” Hapo ndipo watu wanazima simu. Si kwamba hawataki. Wameombwa kwa kipimo kisicho chao.

Chukua mfano. Tuseme paa linahitaji Sh300,000 na grupu lina watu 150. Ukiwaambia walete Sh2,000 kila mmoja mara moja, utapata wachache na lawama nyingi. Ukiwaambia Sh100 kila Jumamosi kwa wiki 20, hesabu ni ile ile: 150 mara 100 mara 20 ni Sh300,000. Tofauti ni kwamba Sh100 inatoka bila mtu kukopa Fuliza.

Simu ya dakika ishirini

Mzee wa Kabras hakupigii simu akasema “naomba elfu mbili”. Anaanza na mvua. Anapita kwa mahindi. Anakuambia nani amelazwa, nani amezikwa, binti ya nani ameolewa. Dakika ya kumi na tano ndipo anasema: “Sasa mwanangu, lile jambo letu la kanisa, wewe unalionaje?”

Wewe wakati huo umening’inia kwenye matatu, au meneja amekukazia macho. Unamjibu haraka: “Nitumie tu Paybill, kukhu.” Kwako umesema ndiyo. Umekubali kutoa, tena bila maswali. Kwake umemfungia mlango puani. Hakutaka pesa peke yake. Alikuuliza maoni yako, na kwa desturi ya nyumbani anayeulizwa maoni ni mtu mzima anayeheshimiwa.

Kuna pia kile kidole gumba. Mwanahazina anaandika kwenye grupu: “Tunaomba kila mtu ajitolee Sh3,000.” Wewe unabonyeza kidole gumba, ukimaanisha “nimeona”. Kule nyumbani katibu anaandika jina lako kwenye daftari: ameahidi Sh3,000. Jumapili linasomwa mbele ya kanisa. Miezi miwili baadaye wewe ni mtu wa kuahidi bila kutoa, na hujui hata ilianzia wapi.

Kimya nacho kina tafsiri mbili. Kijana akinyamaza, mara nyingi anamaanisha “sina kwa sasa na naona aibu kusema”. Mzee akiona kimya, tena ameambiwa na mjukuu kwamba zile alama mbili za buluu maana yake umesoma, anahesabu ni dharau. Sentensi moja ingetosha: “Kukhu, mwezi huu nimebanwa, nitaanza Agosti na mia mia.” Wazee wa miwa wanaelewa sana habari ya kungojea malipo. Kile wasichokielewa ni kusomwa na kuachwa.

Mwaka tuliofungiwa nje

Kama unadhani wazee hawawezi kabisa mambo ya simu, kumbuka 2020. Corona ilipoingia mwezi Machi, ibada za watu wengi zilisitishwa. Mwezi Julai makanisa yalipofunguliwa tena, masharti yalikuwa makali: watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, na wenye zaidi ya miaka 58 pamoja na watoto wa chini ya miaka 13 wasihudhurie.

Hebu lifikirie hilo kwa lugha ya kijijini. Waliokuwa wamelijenga kanisa ndio walioambiwa wakae nyumbani. Kwa miezi kadhaa njia waliyokuwa nayo ya kulisikia neno na kutoa sadaka ilikuwa redio na simu ya mjukuu. Machi hiyo hiyo Safaricom iliondoa ada ya kutuma M-Pesa ya hadi Sh1,000, na kwa wengi sadaka ya kwanza kupita kwenye simu ilikuwa ya wakati huo.

Wazee walijifunza, lakini wengi walijifunza kupitia mkono wa mtu mwingine. Wengi bado wana kabambe, ambayo haina WhatsApp. Hawaoni grupu, hawaoni orodha, hawaoni picha za mabati. M-Pesa yao wanaipata kwa *334#, na ujumbe ukiingia wanaupeleka kwa kijana wa dukani awasomee. Wengine wamempa nambari ya siri. Kwa hivyo unapolalamika kwamba “taarifa iko kwenye grupu”, jua kwamba nusu ya wenye kanisa hawamo kwenye grupu hilo.

Mgeni wa heshima hayupo tena

Zamani kulikuwa na njia fupi. Kamati ilimwalika mbunge au waziri, akaja na bahasha na marafiki wake, siku moja mabati yakapatikana. Kizazi chako ndicho kilichoanza kuikataa njia hiyo hadharani.

Katika maandamano ya Juni na Julai 2024, vijana waliuliza kwa nini wanasiasa wanapewa madhabahu wakiwa na mabunda ya pesa. Julai hiyo Rais William Ruto alitangaza kuwazuia maafisa wa serikali kushiriki harambee. Hata hivyo, Novemba 2024 yeye mwenyewe alitoa mchango katika kanisa la Katoliki la Soweto, Kayole, na Askofu Mkuu wa Nairobi Philip Anyolo akaagiza Sh2.6 milioni zirudishwe. Machi 2025 vijana waliandamana Roysambu baada ya rais kutoa Sh20 milioni kwa kanisa la Jesus Winner Ministry.

Vijana hao hao walionyesha kwamba wanaweza kuchanga. Julai 2024 mwanaharakati Hanifa Adan alianzisha mchango kwenye jukwaa la M-Changa kwa ajili ya waliojeruhiwa na familia zilizofiwa, na zaidi ya Sh20 milioni zikaingia kwa muda mfupi, nyingi zikiwa ni pesa ndogo ndogo za watu wasiojuana. Baadaye alitoa hesabu hadharani.

Sasa rudisha hoja hii Butali. Mzee wa kamati anakuuliza swali ambalo huwezi kulikwepa: “Mlisema tusichukue pesa za wanasiasa. Sawa, tumewasikia. Paa tutalipata wapi?” Ukimkataza mheshimiwa, basi mheshimiwa ni wewe na Sh100 yako. Huwezi kukataa bahasha ya Jumapili halafu ukalizima grupu sauti Jumatatu.

Lakini nao wazee lazima wakubali upande wa pili wa hoja hiyo. Mtu anayetoa Sh100 ana haki ya kuuliza hesabu sawa na anayetoa Sh100,000. Kijana akiuliza “mabati yalinunuliwa mangapi na risiti iko wapi?” hajatovuka adabu. Jibu lisiwe “watoto wa siku hizi hamna imani”.

Hiyo nambari ni ya nani?

Hapa ndipo mambo mengi huharibika, na hapa ndipo wewe unayejua simu unaweza kusaidia kuliko unavyodhani.

Makanisa mengi madogo hukusanya pesa kwa nambari binafsi ya mwanahazina. Anaweza kuwa mtu mwaminifu kuliko wote na bado mambo yakaenda mrama. Kama ana deni la Fuliza, pesa ikiingia tu inakatwa kulipa deni hilo kabla hajaigusa. Akipoteza simu, pesa za kanisa zimefungiwa ndani. Akifariki, zitakuwa zimechanganyika na mali yake, na kamati itaanza kufuatana na familia iliyo kwenye msiba. Na hata yote yakienda sawa, hawezi kumwonyesha mtu taarifa ya akaunti bila kuonyesha pia karo ya watoto wake na deni la dukani.

Paybill iliyosajiliwa kwa jina la kanisa na kuunganishwa na akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu inaondoa sehemu kubwa ya shida hizo. Kwenye nafasi ya nambari ya akaunti mtoaji anaweza kuandika JENGO, SADAKA au MSIBA, na mwisho wa mwezi kila fungu linajulikana. Kabla ya kuthibitisha, soma jina linalojitokeza kwenye skrini. Kama si la kanisa, uliza kwanza.

Mwanahazina naye asiamini ujumbe wa simu peke yake. Matapeli hutuma ujumbe wa uongo unaofanana na wa M-Pesa, kisha wanapiga simu wakidai walikosea na warudishiwe. Dawa yake ni moja: angalia salio, usiangalie ujumbe.

Halafu kuna ile orodha ya majina. Wazee wengi wanapenda itangazwe, kwa sababu kusomwa jina ni heshima. Vijana wengi hawaipendi, kwa sababu kusomwa Sh200 mbele ya watu ni aibu. Zaidi ya hapo, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kubandika jina la mtu, nambari yake ya simu na kiasi alichotoa kwenye grupu la watu 180 si jambo la kufanya ovyo. Njia ya kati ipo: wasomwe wote waliotoa, bila kiasi, kisha itajwe jumla. Anayetaka kiasi chake kitangazwe, aseme mwenyewe.

Unaweza kuanzia hapa

Kama wewe ni wa dhehebu lingine, au huendi kanisani kabisa, una haki ya kusema hapana. Iseme kwa simu, kwa adabu, kwa mtu mmoja wa kamati, kisha utoke kwenye grupu ukiwa umeaga. Hiyo ni afadhali kuliko kukaa miaka miwili ukiwa kimya.

Kama unataka kubaki, omba mambo matatu. Omba mchango ugawanywe kwa wiki au mwezi, kila mtu achague kasi yake. Omba hesabu itolewe mara tatu: kwenye grupu kwa walio mjini, kwa sauti Jumapili kwa wasio na simu ya kisasa, na kwenye karatasi ukutani kwa anayetaka kuisoma taratibu. Na omba kijana mmoja aingie kwenye kamati, mwenye kazi ya kweli kama naibu mwanahazina, si yule wa kuitwa tu kurekebisha spika.

Jitolee pia kwa kitu ambacho hakigharimu pesa. Rekodi ujumbe wa sauti wa dakika moja kwa Lukabaras ukieleza ujenzi umefika wapi, na umwombe binamu aliye nyumbani awachezee wazee wenye kabambe wanapoketi nje baada ya ibada. Msaidie mwanahazina kupakua taarifa ya mwezi. Wafundishe akina kukhu kwamba nambari ya siri haisomwi kwa mtu yeyote, hata mjukuu, hata anayejiita mhudumu wa Safaricom.

Na wazee mlioletewa makala haya na watoto wenu: kabla ya kumwongeza mtu kwenye grupu, mpigieni kwanza. Mwulizeni kazi inaendaje. Mwulizeni analionaje lile jambo la kanisa, kisha mngoje jibu lake. Hiyo ndiyo chai ambayo kadi ilikuwa ikinywa njiani.

Wewe msomaji, Jumapili jioni ni wakati mzuri wa kupiga. Ibada imeisha, mnada umeisha, na mzee yuko nyumbani ameketi. Jipe dakika ishirini. Mruhusu aanze na mvua, apite kwa mahindi, akuambie nani amelazwa. Usimharakishe afike kwenye pesa. Atakapofika, mwambie unachoweza na unachotaka kuonyeshwa, ukitaja kiasi na tarehe, ili katibu aandike daftarini kile ulichokisema kwa mdomo wako.